Hasira Kabla ya Maji

Bariadi, usiku wa kuamkia safari yako

Minza, mayu, mama yangu,

Sijakusemesha tangu Jumapili. Kila asubuhi umenisalimia, "Mwangaluka, baba," nami nimekuitikia kama mtu anayemwitikia karani wa posta. Mama yako amenitazama kwa lile jicho lake. Leo mchana ndipo alipofika shangazi yako Nyanzobe, dada yangu mkubwa, kutoka Nkololo, juu ya lori la pamba, vumbi mpaka kwenye kope. Hata kabla hajapewa maji ya kunawa alinishika mkono akanivuta nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo.

"Masanja, kesho mtoto anaondoka."

"Najua."

"Nani atamtemea maji?"

"Mtemee wewe."

"Mimi shangazi tu. Baba yupo, mzima, ana meno yote." Akanikagua mdomoni. "Karibu yote."

Sikucheka.

"Una hasira naye," akasema. "Usinidanganye, nimekubeba mgongoni. Na mwenye hasira tumboni hatemi maji. Anatema mate tu, na mtoto atayabeba mpaka huko kwa wazungu. Sema kwanza."

"Siwezi, dada. Nikifungua mdomo nitapiga kelele, majirani wajae."

"Basi andika. Si ndiyo kazi waliyokufundisha miaka yote ile?"

Wewe umekulia Dar es Salaam na shule za bweni, hujawahi kuliona jambo hili likifanywa, kwa hiyo nakueleza. Kwetu anayesafiri mbali husimama mlangoni alfajiri, na mzee wake huja na maji. Lakini kabla ya kuyatia maji kinywani, mzee husema yote aliyonayo moyoni juu ya huyo msafiri. Yote, na kwa sauti. Msafiri husikiliza bila kujibu. Yakiisha ndipo mzee hupiga funda moja na kumtemea kifuani, na safari huanza. Baba yangu aliponitoa mimi kwenda ng'ambo alichukua muda mrefu mpaka dereva wa gari la misheni akaanza kupiga honi. Alikumbuka hata ndama niliyemsahau malishoni nikiwa mdogo, akaliwa na fisi. Nilidhani amekwisha kunisamehe kwa ndama yule. Kumbe alikuwa anamtunza kwa ajili ya siku hiyo.

Basi barua hii ni sehemu ya kwanza, ile ya kabla ya maji. Nikiimaliza nitaipenyeza chini ya mlango wako. Mambo ya sweta, ya vyeti na ya kutozungumza na watu usiowajua, mama yako amekwisha kukuambia, naye anayajua kuliko mimi. Mimi natoa hasira. Isome, na usinijibu.

Naanza na wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyelianzisha.

Jumapili watu walijaa uani kukuaga. Wali ulikuwa mzuri. Baba yako mdogo Maduhu alikuwa amevaa lile koti lake la mtumba lenye mikono mirefu, na kwa kuwa yeye hawezi kuona ukimya akauacha, akakuuliza mbele ya wote, "Sasa Minza, utarudi lini kutufundisha hizo atomu zako?" Nawe ukajibu, ukiwa unapakua nyama, bila hata kuinua kichwa:

"Nirudi nifanye nini, baba mdogo? Nije niuze betri na Baba?"

Wakacheka. Maduhu alicheka mpaka akamwaga mchuzi kwenye koti. "Mzee wa Betri!" akasema, na jina likanikaa hapohapo, juzi sokoni mtoto wa muuza nyanya ameniamkia kwalo. Mimi pia nilicheka, Minza. Nilikaa kwenye kiti changu nikacheka kwa meno yangu yote, au karibu yote, na tangu wakati ule sijaweza kukutazama usoni.

Nimekasirika kwa sababu ulisema kweli, na ukaisema ukipakua nyama, kama jambo ambalo kila mtu analijua. Miaka yote niliyokaa kwenye kile kibanda nikilehemu redio za watu na kuuza betri kwa jozi, nilidhani wewe peke yako unaona kitu kingine. Nilidhani unaona mtu aliyesimamishwa kwa muda.

Na nimekasirika kwa sababu ulichouliza sina jibu lake. Urudi ufanye nini? Ningekuwa na jibu ningekujibu palepale mbele ya Maduhu na mchuzi wake. Mimi mwenyewe nilirudi mahali ambapo hapakuwapo tena. Nilipokuwa ng'ambo watu wa Nkololo walihamishwa kupelekwa kwenye vijiji vipya, na boma la babu yako likabomolewa. Niliporudi nilimwomba shangazi yako anionyeshe lilipokuwa. Akatembea kidogo, akageuka huku na huku, akanionyesha shamba la pamba la mtu mwingine. "Hapa," akasema. "Au pale." Tangu hapo nimeishi kama mgeni kila mahali: Dar es Salaam waliniita Msukuma, hapa Bariadi waliniita Mzee Dasilamu mpaka ulipowapa jina jipya.

Hayo ndiyo niliyonayo juu yako. Nilidhani ni mengi zaidi. Nikiyatazama yalivyoandikwa, hayatoshi kumfanya mtu asimsemeshe mwanawe siku zote hizi. Kwa hiyo hasira ilitoka juu zaidi, ikawa inashuka, nawe ulikuwa tu umesimama chini ya ngazi.

Leo pale kwenye kamba ya nguo shangazi yako aliniuliza, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilikuwa nafanya nini hasa kule ng'ambo. Nikamwambia: kila kitu kina kiini chake, kidogo kuliko tunavyoweza kuwaza. Vile vizito ukivigonga kwa nguvu huchemka na kuzunguka, na haviwezi kukaa hivyo. Hushuka ngazi kwa ngazi mpaka vitulie, na kila vikishuka ngazi moja hurusha mwali mmoja, mwali wa gama. Hatuwezi kukiona kiini chenyewe. Tunachopata ni ile miali tu. Kwa kupima nguvu ya kila mwali, na kutazama upi umefuatana na upi, tunajua ngazi zilikuwa ngapi na zilipishana kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuchora ngazi za nyumba ambayo sitaingia.

Akafikiri, mkononi ameshika shati langu lililolowa.

"Kwa hiyo ulikuwa unasikiliza kitu kikitoa hasira."

"Unaweza kusema hivyo."

"Na walikulipa?"

"Kidogo."

"Mimi nimemsikiliza mume wangu maisha yangu yote," akasema, "hakuna aliyenipa hata sabuni."

Hasira ya pili ni ya zamani. Nilipokuwa mwanafunzi katika maabara ya ng'ambo, kwenye mchoro wangu wa nguvu za miali kilitokea kilele kimoja kidogo, alama ya mwali mmoja, ambacho hakikuwa kwenye kitabu chochote. Kilikuwa chembamba na safi, kimesimama peke yake. Nikampelekea Profesa wangu. Alikitazama muda wa kumeza chai. "Hicho ni ukuta," akasema. "Zege za jengo hili zina kila kitu ndani yake. Kiondoe."

Wewe umesoma, unajua jambo la kufanya mtu anapokuambia ni ukuta. Unatoa sampuli, unaacha chombo kitupu, unahesabu tena muda uleule. Kama ni ukuta, kilele kitabaki, kwa sababu ukuta haujaondoka. Nilitoa sampuli. Nikahesabu. Kilele hakikuwapo. Nikairudisha sampuli, kikarudi. Nikaangalia kinafuatana na miali ipi, nikaona kinachelewa: wenzake wanatokea pamoja, chenyewe kinakuja baadaye kidogo, kama mtu aliyebaki nyuma akifunga mlango. Mle ndani ya kiini kulikuwa na ngazi moja ambayo kiini kikifika hapo kinakwama. Hakiwezi kushuka upesi kwa sababu kushuka kwake kunataka kiachilie mzunguko mwingi mno kwa mara moja. Kinakaa na nguvu yake yote. Kuna vingine vya namna hiyo, utavikuta. Kimoja, cha metali iitwayo hafni, hukaa miaka thelathini kabla nusu yake haijashuka. Changu hakikuwa cha miaka. Lakini kilikuwa changu.

Nikarudi kwa Profesa. Nilikuwa na michoro miwili mkononi, wenye sampuli na usio na sampuli. Alikuwa amekaa na wenzake wawili. Akasema, "Masanja, bado ule ukuta wako?" Wakacheka, kwa upole, kama watu wanavyocheka na mtu wanayempenda. Nami nikasema, "Hapana, Profesa. Nimekwisha kuuondoa. Asante."

Mtu yule alinipokea stesheni nilipofika sijui hata kufunga vifungo vya koti la baridi. Mke wake alinipikia wali kila sikukuu kwa sababu alisikia Waafrika wanakula wali. Na mimi nililelewa kwamba mtu aliyekulisha humwambii amekosea mbele ya wenzake. Unasubiri awe peke yake. Nikasubiri awe peke yake. Akawa peke yake mara nyingi sana, Minza, na kila mara nilikuwa na sababu.

Kundi la nchi nyingine lilikitangaza kiini kilekile, ngazi ileile, mwali uleule. Nilisoma habari hiyo nimesimama maktabani. Ningependa kukuambia kwamba niliibiwa. Ningeishi vizuri zaidi. Hakuna aliyeniibia, nilikitupa mwenyewe nikasema asante. Profesa aliposoma alinigusa bega akasema ilikuwa bahati mbaya. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Angekuwa mbaya ningempigia kelele.

Huko uendako watakupenda. Watakupikia wali. Ule, ushukuru. Kisha wakikuambia ni ukuta, toa sampuli uhesabu tena, na ukishajua, sema palepale, chai ikiwa bado mezani, hata kama sauti itatetemeka. Sijui namna ya kukufundisha kufanya hivyo. Mimi sikuwahi kufanya. Ninajua tu gharama ya kutofanya.

Sasa ile kubwa.

Niliporudi nchini walinipa maabara Dar es Salaam, na ndani yake kifaa kimoja cha kupimia miali tulichopewa na wafadhili: fuwele ya elementi iitwayo gerimani, iliyopandikizwa chembe za metali ya lithi, ndani ya kopo lake la chuma, juu ya chombo cha baridi kilichoundwa kama chupa kubwa ya chai. Kwa wakati wake kilikuwa kifaa kizuri sana. Ila fuwele ya namna ile lazima ikae baridi, baridi ya naitrojeni ya maji, hewa iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, tangu siku inapotengenezwa mpaka siku ya mwisho wake. Usipoitumia, baridi. Ukisafiri, baridi. Ikipata joto mara moja tu, lithi inahama mahali pake na fuwele imekufa, hairudi. Kwa hiyo nilikwenda kuijaza Krismasi, nikaijaza Idi, nikaijaza mitaa ikiwa na maji ya mafuriko. Siku uliyozaliwa ilikuwa siku ya kujaza. Nilifika hospitali ukiwa umekwisha kuogeshwa. Mama yako hajawahi kulisema hilo kwa hasira, bali hulisema kila mwaka.

Kazi ya mchana ilikuwa kupima kama mna mionzi kwenye udongo, visima, unga wa maziwa wa ng'ambo kabla haujafika madukani. Kazi ya jioni, watu wakiondoka, ilikuwa yangu: viini vizito, ngazi zao. Nilikuwa natafuta kilele kingine. Nilijua sasa nitakisemea.

Naitrojeni yetu ilitoka kwenye mtambo tulioshirikiana na watu wa mifugo. Wao waliitumia kugandisha mbegu za madume kwa ajili ya uhimilishaji, yaani kumpa ng'ombe mimba bila kumpeleka kwa dume. Tulielewana miaka yote. Walipata yao, tulipata yetu. Kisha yakaja mageuzi. Kila kitu kijiendeshe chenyewe, kila idara ioneshe inachouza. Mtambo ukawa na sehemu moja tu inayofanya kazi, vipuri hakuna, naitrojeni ikawa ya kugombea. Tukaitwa kwenye kikao.

Alikuwapo kijana wa wizara mwenye tai, na pembeni yake mshauri wa kigeni aliyekuwa akiandika bila kuinua macho. Kijana akaniuliza, kwa adabu:

"Daktari, kifaa hiki kinazalisha nini?"

"Kinapima."

"Kinapima nini?"

"Kilichomo ndani ya vitu."

"Sawa. Lakini kinazalisha nini?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza unga wa maziwa, nikaeleza visima, na nikafanya kosa la kueleza viini. Mshauri akaacha kuandika. Nikafurahi, nikadhani amevutiwa. Akafunika kalamu yake. Kisha akageukiwa mratibu wa uhimilishaji, jamaa mnene mwenye kicheko, naye wala hakusimama.

"Sisi tunazalisha ndama," akasema.

Chumba kizima kikacheka. Na kijana wa tai, akiwa bado anatabasamu, akanigeukia: "Daktari, wewe si Msukuma? Tuambie wewe. Ng'ombe wasubiri?"

Minza, wangeniuliza swali lingine lolote. Wangeniuliza juu ya barabara, juu ya bia, ningepigana. Mimi mtoto wa Nkololo, niliyetemewa maji na mzee ambaye hakunisamehe ndama mmoja, nisimame mbele za watu niseme ng'ombe wasubiri? Mdomo wangu ulijibu kabla yangu. Nikasema, "Ng'ombe kwanza." Wakapiga makofi. Mratibu alikuja kunikumbatia.

Nilimweleza shangazi yako habari hii leo, naye akajifuta machozi kwa ncha ya khanga kwa kucheka. "Kwa hiyo umeshindwa na dume!" akasema. Kisha akauliza, "Na hizo mbegu, zilikwenda kwa nani? Maana Nkololo hatujaona hata ndama mmoja." Hakuna aliyeona. Mpango ule nao ulivunjwa baadaye, mtambo ukauzwa kama chuma chakavu, na mratibu ana duka la vinywaji. Sina ugomvi na madume. Nina ugomvi na swali lile. Nimelibeba toka siku ile, na kila ninapoona mizani ya wanunuzi wapya wa pamba ikimdanganya mkulima mchana kweupe, huku hakuna mtu wa kuipima, nataka kumtafuta yule kijana wa tai nimwambie: hiki ndicho kinachozalishwa mtu asipopima. Siku hizi unga wa maziwa umejaa hapo sokoni, makopo ya kila rangi, karibu na kibanda changu. Sijui umepimwa na nani.

Naitrojeni ya mwisho niliimimina mwenyewe, ikatoa moshi wake mweupe sakafuni kama kawaida. Nikazima umeme wa kifaa. Nilikuja kila siku, nikiingiza kijiti kupima kina, na kina kikapungua, mpaka asubuhi moja nikaweka kiganja kwenye kopo nikakuta ni chuma tu, vuguvugu, kama mguu wa meza. Hakuna sauti. Hakuna kilichovunjika. Karani alipita mlangoni akanisalimia, nikamwitikia. Baada ya muda si mrefu wakaja na orodha ya kupunguzwa kazi, na sikushangaa.

Nilitaka kuishia hapo. Nimesimama nikatembea, nimerudi. Shangazi yako alisema yote.

Ulikuwa darasa la sita. Wiki ileile niliyokuta kopo lina joto, ulikuwa unaosha vyombo, ukaangusha chupa ya chai, ile ya maua mekundu. Nikasikia kioo cha ndani kikipasuka. Nilitoka chumbani nikakupigia kelele. Sikukugusa, lakini nilipiga kelele mpaka mke wa jirani akaja kusimama mlangoni na mwiko wake. Nilikuuliza kama unajua kile ni nini. Nilikuuliza mara nyingi: unajua hiki ni nini, unajua hiki ni nini? Ukasema, "Ni chupa ya chai, Baba." Na ilikuwa chupa ya chai.

Kuna jambo moja la viini vizito ambalo nililijua kwa hesabu muda mrefu kabla sijalielewa. Kiini kikitaka kushuka ngazi ya chini, mara nyingi hakirushi mwali nje. Nguvu ile kinaipa elektroni iliyo karibu nacho, ya nyumba yake mwenyewe, na hiyo ndiyo inayotupwa nje kwa kasi. Kifaa chako kilichowekwa mbali kikingojea mwali hakioni kitu, kinadhani pametulia. Na kadiri atomu ilivyo nzito ndivyo hutokea zaidi.

Kwenye kikao nilisema ng'ombe kwanza. Kwa Profesa nilisema asante. Mbele ya Maduhu nilicheka. Kila aliyenitazama kwa mbali aliona mtu mtulivu. Mliopata ni ninyi wa karibu, mama yako na wewe. Na Jumapili, kabla hujasema neno lako la betri, nilikuona: mama yako alikuambia ulete chai, nawe ukaleta vikombe, ukaleta sukari, kisha ukamwambia binti wa Maduhu aibebe chupa. Mtu mzima mwenye digrii, unayepanda ndege kesho kutwa, hubebi chupa ya chai mbele yangu. Nimekasirika juu ya hilo kuliko naitrojeni. Na huyo ninayemkasirikia hayuko wizarani.

Imebaki moja, ndogo. Wewe unajua miali ya nguvu ndogo inavyosumbua. Hufia kwenye kifuniko kabla haijafika kwenye fuwele. Nimeandika barua yote hii nikiizunguka.

Nina wivu nawe. Unakwenda kwenye vifaa ambavyo mimi huviona kwenye picha tu, fuwele nyingi zimezungushwa kama mpira mzima, kila upande zinaangalia ndani. Utaona kwa jioni moja nilichotafuta kwa miaka. Ulipoleta barua ya kukubaliwa nilikupongeza, nikaenda kibandani, nikaivunja redio ya mtu nikiitengeneza. Sasa nimelisema. Si kubwa kama nilivyoliogopa.

Sitaki uniahidi kwamba utarudi, na sitaki uniahidi kwamba hutarudi. Ukiulizwa tena na akina Maduhu, jibu unavyoona. Lakini siku mtu mwenye tai atakapokuuliza kinazalisha nini, popote utakapokuwa, usimwambie ng'ombe kwanza. Hasira ya swali lile siiachi, na sitaki kuiacha. Si yako, kwa hiyo haitaingia kwenye maji.

Shangazi yako amekwisha kuchota. Kikombe kiko dirishani, amekifunika kwa kisahani, na amelala akiwa amekielekea kana kwamba nitakiiba. Alfajiri simama mlangoni. Blauzi italowa kifuani, hapo pana ubaridi asubuhi, vumilia. Basi likishika barabara ya ziwa na watu wakifungua madirisha, upepo utakukausha. Usijipanguse mpaka mfike mji wa Lamadi.

Mama yako amekutayarishia chai ya njiani, imo kwenye chupa mpya, juu ya meza. Ibebe wewe. Ikivunjika, imevunjika.

Baba yako,
Masanja